Bunduki Inayofika Mbali

Kuna mkutano mmoja kijijini kwetu Ivuna ambao mpaka leo nikiukumbuka natamani kutema mate. Wanaume wazima, zaidi ya ishirini, walikaa kwenye ghala la mpunga kutwa nzima wakibishana ni bunduki gani inafaa kununuliwa kwa ajili ya maafa, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema kwamba mtu wanayetaka kumkabidhi haoni. Mtu huyo ni baba yangu. Na mimi nilikuwepo, kalamu mkononi, nikiandika muhtasari.

Mimi naishi Tunduma. Nina kiduka cha steshenari karibu na mpaka, nawajazia watu fomu. Mzambia akiingia na salamu yake ya "mulishani" naitikia, najaza, natoa kopi, siku inaenda. Kwa kazi hiyo nyumbani wameniamulia kuwa karani wao wa kila jambo. Barua ya shule, barua ya kanisa, mgogoro wa shamba, utasikia "mwiteni yule wa Tunduma," nami nafunga duka nashuka bondeni. Asili yetu ni Igamba, kwenye kahawa, lakini baba alishuka Ivuna akiwa kijana kufuata chumvi, na chumvi ilipomchosha akabaki kwa ajili ya mpunga na ng'ombe.

Macho yake yalianza kuingia ukungu mweupe miaka kadhaa iliyopita, moja kwanza, halafu la pili. Yeye hakusema, na sisi hatukuuliza. Ila watu wakaanza jambo ambalo hakuna aliyewafundisha. Mtu akimwamkia anajitaja kabisa: "Shikamoo baba, ni mimi fundi baiskeli." "Shikamoo baba, ni mimi wa karibu na kisima, nimekuja na mwanangu." Hata watoto. Hapo baba anaitikia kwa jina, anauliza habari za baiskeli au za kisima, na heshima yake inabaki palepale. Nilikuwa nawasimulia wateja wangu Tunduma kwa majivuno, nikiwaambia njooni muone watu wanavyoishi kwa adabu. Sikujua kuwa adabu hiyohiyo ndiyo ingemtia bunduki mkononi.

Ziwa lilikuwa limepanda. Misimu miwili ya mvua maji ya Rukwa yaliingia mashambani, na viboko wakayafuata. Barabara ikikatika, askari wa wanyamapori hawezi kufika hata umlilie kwenye simu. Wakaja wataalamu kutufundisha kujiandaa na maafa. Walikuwa watu wazuri, wavumilivu, wakatuambia tuandike vitu ambavyo kijiji kinavihitaji saa ya kwanza, kabla msaada haujafika. Wanawake wakataja mtumbwi, kamba, filimbi, tochi, machela ya kubebea mgonjwa. Wanaume wakataja bunduki. Nilipomaliza kuandika, bunduki ilikuwa namba moja, na mtumbwi ulikuwa wa mwisho, na mwenyekiti wa kijiji akaniambia niongeze pembeni "tukijaliwa".

Sikatai kwamba hatari ilikuwepo. Lakini kule ghalani nilikaa nikisikiliza walivyokuwa wakichagua. Gobole walilicheka, wakasema hilo la kufukuzia nyani. Shotigani, ile inayotawanya marisau madogo kama punje, wakasema ni ya walinzi wa maduka. Mmoja aliyewahi kubebea wawindaji mizigo akasimama kuisifu raifo. Alieleza jinsi risasi yake inavyomwingia kiboko ubavu huu ikatokea ubavu ule, akionyesha kwa vidole kwenye mbavu zake mwenyewe, na ghala zima likaguna kwa raha. Niliwatazama midomo. Walikuwa wanakula tayari. Kila hoja iliyoanza na usalama wa watoto ilimalizikia kwenye sufuria, nani apewe paja, mafuta yake yanatibu nini, kichwa kiende kwa nani. Nilijisikia kama nimekaa na fisi waliovaa makoti.

Kisha likaja suala la nani aimiliki, maana kibali cha silaha anapewa mtu, hapewi kijiji. Alikuwepo mtu wa makamo aliyepitia mgambo, hanywi, macho yake makali, risasi anazijua. Macho ya watu yalimwendea, yakarudi haraka. Kumtaja yeye kungekuwa kumruka baba, mzee kuliko wote mle, na mtu angeuliza kwa nini mzee arukwe, na jibu lingebidi lisemwe kwa sauti. Hakuna aliyetaka liwe mdomoni mwake.

"Silaha ikae kwa mzee," mwenyekiti akasema. "Nyumba yake ina mlango wa chuma na yeye hana doa."

Wakapiga makofi. Baba akasimama kuwashukuru, akiwa amegeukia kidogo kule kusiko na watu, akawa anayashukuru magunia. Waliendelea kupiga makofi. Mimi nikaandika, "Mzee amekubali kwa moyo mkunjufu."

Kulikuwa na barua za kupitisha, na nilizipitisha zote. Kulikuwa na fomu ya afya pia. Mhudumu mmoja wa zahanati ya binafsi, ambayo sitaitaja, alikuwa na haraka zake, hakuinua hata kichwa.

"Anaona?" akaniuliza mimi.

Baba alikuwa amekaa kando yangu, kofia magotini. Alikuwa akinisubiri. Ningeweza kulimaliza jambo zima pale pale kwa neno moja. Nikasema, "Anaona." Yule mhudumu akanisukumia karatasi nijaze mwenyewe, nikajaza kwa mwandiko wangu mzuri ambao watu wanaufuata kutoka mbali. Nilijidanganya kuwa namheshimu baba. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Tulikwenda Mbeya kuinunua watatu, baba, mwenyekiti na mimi. Muuzaji wa duka la silaha alikuwa mzee mmoja mtulivu, amevaa sweta, na katika safari nzima ya jambo hili ndiye mtu pekee aliyefanya kazi yake. Hakukimbilia kuuza. Aliuliza eneo letu likoje. Tambarare, tukamwambia. Aliuliza tunataka kumpiga nani. Viboko.

"Na nyuma ya kiboko kuna nini?" akauliza.

Mwenyekiti hakuelewa. Muuzaji akarudia taratibu, "Huyo mnyama akisimama mbele yenu, nyuma yake kuna nini?"

"Kuna mpunga," mwenyekiti akasema. "Kuna watu wanapalilia. Kuna nyumba."

"Basi msichukue raifo. Kwenye tambarare, risasi yake ikimkosa mnyama haisimami, inaendelea kutafuta. Chukueni shotigani, marisau yake yanachoka karibu. Au chukueni fataki za kelele, mnyama mwenyewe anataka tu kuondoka."

"Mzee wangu, sisi tunataka inayofika mbali," mwenyekiti akasema, na alilisema neno "mbali" kwa utamu kana kwamba ni yeye atakayefika huko.

Baba alipewa raifo mikononi. Aliipapasa kuanzia kitako hadi mdomo wa mtutu, akaiinua begani, akafumba jicho moja kama watu wanavyofanya. Ilikuwa inaelekea kwenye feni. Muuzaji alinitazama mimi. Nami nikatazama kalenda iliyokuwa ukutani, nikazisoma tarehe zote za mwezi ule. Basi akatuuzia.

Kibali kilipokamilika tulirudi nayo imeviringishwa blanketi. Njia ile inapita mbele ya hospitali ambako macho kama ya baba yanasafishwa, mtu anaingia leo na kesho anatoka anaona. Tuliipita tukienda, tukaipita tukirudi. Hakuna aliyesema shusha. Tulikuwa tumepata nauli, muda na barua za kumtafutia baba bunduki, lakini macho tulikuwa hatujapata hata nusu siku ya kuyashughulikia. Nikilifikiria hili hata sasa najichukia, na wale wenzangu nawachukia zaidi.

Sasa nimlete wifi yangu, mke wa kaka, maana yote haya yalimwangukia yeye. Wifi anatoka Mbebe, milimani Ileje, na amelelewa kwa desturi za kwao. Huko mke wa mtu na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mke hapiti alipo baba mkwe, haongei akiwapo, na akimwona anakuja njiani anatoka pembeni na kuinama chini mpaka apite. Kwetu sisi mambo hayo yamelegea, lakini yeye miaka kumi na moja ameyashika. Baba alipoacha kuona nilimwambia, wifi, sasa unaweza kupita tu, hatakujua. Akacheka kidogo.

"Wifi, heshima hii siitunzi kwa sababu ananiona," akasema. "Naitunza kwa sababu mimi namwona."

Siku yenyewe nilikuwa nimeshuka nyumbani. Mchana, baada ya chakula, tukasikia makelele mashambani. Kiboko dume, mzee, peke yake, alikuwa amesimama katikati ya mpunga anakula, watu wanapiga madebe wala hageuki. Nyumba yetu iko juu kidogo, kwa hiyo mimi na mama tulitazama tukiwa uani. Baba aliingia ndani akatoka na raifo. Kaka akatangulia mbele yake, akiongea kwa sauti kubwa mambo ya hovyo, "hapa pana tope baba, hapa pana mfereji," ili baba afuate sauti na watu waone ni mazungumzo. Nyuma yao mwenyekiti na jirani mmoja. Wakafika kwenye tuta la shamba, baba akasimama.

Nilichokiona hapo sitakisahau. Kaka alishika mtutu kwa mkono wake na kuuelekeza. Jirani alimshika baba bega. Mwenyekiti aliinama nyuma ya sikio lake. Upepo ulikuwa unatuletea maneno.

"Kushoto kidogo, baba. Kidogo tena. Chini. Hapo hapo, baba, hapo hapo."

Wanaume watatu wanamlengesha baba yangu kama watu wanaosogeza kabati. Mlio ukapasuka. Kiboko aligeuza kichwa, akatutazama sote, akaondoka zake kuelekea majini bila haraka. Risasi haikuwa imemgusa.

Vigelegele vikapigwa. "Baba amemfukuza! Baba huyo!" Mama alikuwa anacheka na kulia. Kule kwenye tuta walikuwa wakimkumbatia, na baba alikuwa ameinua uso juu, anatabasamu, anaitikia kila anayejitaja. Walimsifu pale kwa muda mrefu. Mimi nilipiga makofi mawili, nikaacha.

Jioni kabla jua halijazama nilimkuta wifi jikoni ananawa miguu. Kanga yake ilikuwa imelowa tope kuanzia kifuani. Ndoo yake ya plastiki ilikuwa imezibwa kwa vitambaa, kimoja upande huu, kingine upande wa pili.

"Ndoo imefanyaje?" nikauliza.

"Imetoboka."

"Pande zote mbili?"

Akautazama mlango kwanza. Kisha akanisimulia kwa sauti ya chini, akiendelea kusugua mguu uleule mmoja. Alikuwa anapalilia ng'ambo ya kiboko, mbali kiasi, anasubiri aondoke. Akawaona wanakuja na baba katikati yao. Baba mkwe amesimama kwenye tuta, ameelekea upande wake. Akafanya kile anachofanya siku zote. Aliweka ndoo yake ya maji juu ya tuta dogo, akashuka ndani ya mpunga, akainama mpaka wasimwone. Akasikia mlio. Maji yakammwagikia shingoni, ya vuguvugu kwa jua, akadhani ni damu yake.

"Ukainuka?"

"Baba alikuwa bado amesimama pale, wifi."

Alikuwa amekaa chini kwenye tope vigelegele vyote vile, muda wote waliokuwa wanakumbatiana, ameshika shingo yake anatafuta tundu, hadi baba mkwe alipoondoka.

"Kwa nini hukupiga kelele hata kabla?"

"Ningemwitaje? Sauti yangu hajawahi kuisikia."

"Na mume wako ndiye aliyekuwa ameshika mtutu."

"Nilimwona." Akaacha kusugua mguu. "Usiseme, wifi. Utamvua baba nguo mbele za watu."

Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko. Sisemi kwa kutia chumvi, nilitapika chakula chote cha mchana, nikabaki nimeinamia magoti yangu nanuka. Nilikuwa namwonea kinyaa kaka yangu, ambaye ndani alikuwa anasimulia mara ya nne jinsi kiboko alivyokimbia. Nilimwonea kinyaa mwenyekiti na "mbali" yake. Nilijionea kinyaa mimi mwenye mwandiko mzuri. Na nilikuwa nimechoka na hilo neno heshima, limetumika kufunika uchafu hadi lenyewe linanuka.

Asubuhi niliichukua ile ndoo, nikaenda kwa baba alipokuwa akiota jua, nikamshika kidole chake cha shahada nikakiingiza kwenye tundu. Hakushtuka. Alikizungusha ndani, akapapasa hadi upande wa pili akalipata la pili.

"Nini hiki?"

"Risasi yako ya jana."

Akakaa na ndoo mapajani. "Ilikuwa kwa nani?"

"Kwa mkweo. Kichwa chake kilikuwa hapa." Nikamwekea mkono wake kando ya ndoo, kiganja kimoja kutoka kwenye tundu. "Alikuwa ameinama. Kwa ajili yako."

Kuku alikuja akadonoa karibu na mguu wake, akaondoka.

"Nyinyi wote mlikuwa mnajua," akasema.

"Tulikuwa tunajua, baba."

"Na wewe uliandika."

"Niliandika."

"Nilikuwa nangoja mmoja aseme. Kila mahali nilingoja. Yule wa dukani alipouliza nyuma ya mnyama kuna nini, nilitaka kumwambia simwoni hata mnyama." Akanirudishia ndoo. "Sasa mmoja wenu angesema, si ningekuwa nimeshaachana nayo?"

Siku ileile akaniambia nimpeleke polisi kuirudisha. Askari wa mapokezi akauliza sababu ya kusalimisha silaha. Baba akasema, "Macho." Alisema neno hilo moja tu, kwa sauti ya kawaida, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitaja. Askari akaandika, akampa pole, akatugongea muhuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Mwenyekiti alinifuata hadi nyumbani kunitukana kuwa nimekinyang'anya kijiji silaha. Nikamtolea ndoo. Aliitazama pande zote mbili, akasema, "Bahati, Mungu mkubwa," akaendelea kunilaumu. Kaka aliacha kuongea na mimi. Kuongea na mkewe kuhusu siku ile, sijui kama aliwahi.

Baba tulimpeleka Mbeya, akasafishwa jicho moja, baada ya muda na la pili. Nilikuwepo walipomtoa bandeji. Alinitazama usoni akaniambia nimezeeka, basi tukarudi.

Asubuhi ya pili nyumbani alikuwa amekaa kando ya njia ya kuingilia uani. Wifi akatokea anatoka kisimani, ndoo mpya kichwani. Alipomwona akatoka njiani, akashusha ndoo, akapiga magoti kando ya rundo la majivu, kichwa chini, kwenye matope ya mvua ya usiku. Zamani baba angegeuza uso, ndivyo inavyotakiwa. Siku hiyo alimtazama.

"Hufanya hivi kila siku?" akaniuliza polepole.

"Kila siku."

"Hata nilipokuwa sioni?"

"Hata ulipokuwa huoni."

Baba akainuka. Akabeba kiti chake mwenyewe, akajitoa njiani, akaenda kusimama nyuma ya banda la mbuzi akiwa ameutazama ukuta. Alisimama pale mpaka wifi akaelewa, akainuka, akapita na maji yake katikati ya njia.

Tangu siku hiyo ndivyo anavyofanya. Akisikia hatua zake anamwahi, yeye ndiye anayetoka pembeni. Mama anaona aibu, anafunga dirisha. Kaka anasema baba anajishusha. Wanaume walewale wa ghala wamekuja kumkalisha chini, wakamweleza kuwa mzee hampishi mkwe njia, akawasikiliza, akawaaga, na wifi alipotokea akainuka mbele yao. Sasa wanasema kuwa operesheni ya Mbeya ilimgusa kichwa. Jumapili iliyopita walimwita mbele ya kanisa zima, mwenyekiti akamwekea mkono kichwani, wakamwombea apone.